Wateja wa Kwanza wa Mnafu

Saa sita mchana rafu ilikuwa tupu. Sisemi pakiti zilikuwa zimepungua, nasema tupu. Nilisimama mbele ya ile friji ndefu ya mboga, nikatazama vyuma vyake vyeupe vikitoa ukungu wa baridi, taa ikimulika mahali pasipo na kitu. Upande mmoja kulikuwa na spinachi za watu wengine, zimejaa. Upande wa pili sukuma wiki iliyokatwakatwa, imejaa. Katikati, pale ambapo asubuhi ile nilipanga mnafu wa mama yangu mdogo, lilibaki jani moja lililochopoka kwenye pakiti. Nililiokota, nikalifumbata, na kwa mshtuko wa furaha nikasahau kwamba nimeziba njia ya watu wenye vitoroli.

"Dada, unapita au unaomba dua?" mtu mmoja akaniuliza.

Nilipita.

Huko Akheri, kwenye miteremko ya Meru alikozaliwa mama yangu na alikobaki mdogo wake, mnafu hauulizwi bei. Unaota wenyewe penye samadi, kando ya zizi, kwenye kingo za mfereji, chini ya migomba. Ukiukosa kwako, unamtuma mtoto kwa jirani, anarudi amekumbatia fungu. Uchungu wake ni ule wa kukufanya utafute tonge jingine kabla hujameza la kwanza. Mzazi anapikiwa huo, mgonjwa anapikiwa huo. Ndiyo maana mama mdogo aliposema anataka kuufunga kwenye pakiti yenye jina na kuupeleka supamaketi mjini, watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Na hewa je?" shemeji yake mmoja alimtania. "Hewa ya Meru utaitia kwenye chupa lini?"

"Watu walicheka hivyohivyo maji yalipoanza kuuzwa," mama mdogo akamjibu. "Wewe endelea kulala."

Yeye hakulala. Ni mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alijenga banda la bati lenye meza ndefu, akavuta maji safi, akatafuta mifuko ya plastiki yenye matundu madogo ili majani yapumue. Alijifunza kukata kabla jua halijagusa shamba, kuosha, kukung'uta, kufunga, kupanga kwenye kreti na kupakia kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo ambacho kiliteremka kwenda mjini umande ukiwa bado unachuruzika kwenye migomba. Duka la kwanza lilimkataa. La pili nalo likamkataa. La mwisho likasema sawa, tuwajaribu: mkiuza mnabaki, msipouza nafasi anapewa mwingine.

Mimi aliniomba jina na maneno ya lebo. Ninaandika riwaya, jijini Arusha nina rafiki zangu ambao tunasomeana kazi zetu na kugombana juu ya sentensi hadi chai inapoa. Lakini hakuna sura ya kitabu iliyonitesa kama ile karatasi ndogo ya kijani. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Mwishowe nikampa neno moja, Umande, na chini yake: "Umekatwa Akheri kabla jua halijauona." Mama mdogo aliisoma, akasema, "Hapo umenisema mimi." Sijapata kusifiwa zaidi ya hapo.

Siku ya kwanza dukani alikataa katakata kuja.

"Mkulima kusimama dukani aone mboga yake inavyotazamwa," alisema, "ni sawa na mama mkwe kuchungulia chumba cha maharusi. Nenda wewe. Wewe kazi yako ni kuchungulia watu."

Basi nikaenda nikachungulia. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye tai na viatu vilivyong'aa. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye mnafu, hakutazama kitu kingine, akachukua pakiti za kujaza mikono yote miwili. Papo hapo nikampa maisha: karani wa mahakama, mke wake mjamzito anatamani ladha ya kwao. Wa pili alikuwa mama mnene mwenye kilemba cha zambarau. Aliisoma lebo polepole, midomo ikicheza, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo, akajaza kikapu. Huyu nikampa hoteli ndogo karibu na stendi. Kisha wakaja wasichana, wanasukumana, wanachekacheka, wakabeba pakiti kwa kupeana kama matofali. Nikawapa hosteli ya chuo na jiko la mkaa wanalolificha chini ya kitanda. Niliwapenda wote. Nilisimama karibu na nyanya, nikitabasamu kama mwendawazimu, nikiwaza kwamba hawa ni watu nisiowajua kabisa, na maneno yangu yanaingia majumbani mwao pamoja na mboga ya mama mdogo.

Meneja wa mboga, kijana mwenye kalamu nyuma ya sikio, alinifuata pale kwenye rafu tupu.

"Huu mnafu mmeutia nini?"

"Hakuna kitu. Umande tu."

Hakucheka. "Mboga mpya huwa inakaa, watu wanaizoea kwanza. Hii imeondoka kama mikate. Leteni zaidi."

Tukaleta zaidi. Nazo zikaondoka. Kila siku ya mzigo, ikifika mchana, pale katikati pa friji palikuwa peupe. Nilipompigia mama mdogo simu kumweleza, alikuwa ananiuliza swali lilelile, "Wageni?" Nami ninamjibu, "Wageni, mama. Watu wa mjini." Alikuwa ameshaambiwa na kila mtu kwamba hakuna mgeni atakayelipia jani linaloota kwenye samadi.

Hatimaye meneja akaja na habari ya friji nzima. Alitaka mnafu wa duka lake na wa tawi jingine pia, kila siku, bila kukosa. Tukishindwa kujaza, nafasi inakwenda kwa wengine. Tukikubali, tuanze mara tu mvua zikitulia. Niliruka. Nilimpigia mama mdogo nikiwa bado kwenye maegesho ya magari.

"Eneo sina," alisema. "Nina eneo la kahawa."

Kahawa ile aliipanda marehemu mume wake. Na yeye mwenyewe amelala mwishoni mwa mistari yake, chini ya saruji isiyo na mapambo, majani ya kahawa yakimwangukia.

"Una uhakika?"

"Alipanda kahawa kwa sababu ndiyo iliyokuwa na wanunuzi. Leo wanunuzi wanataka mnafu. Angekuwa hai, shoka angelishika yeye." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, akaongeza, "Nimeshaongea na vijana. Jumamosi asubuhi wanakuja kung'oa."

Ijumaa nikapanda Akheri ili asiwe peke yake siku hiyo. Bodaboda ilinishusha njia panda, nikaingia kwenye kijia cha udongo mweusi kati ya migomba, mlima umesimama juu yetu bila wingu hata moja. Mimi nimekulia mjini. Akheri huwa nakwenda Krismasi na misiba, na kwenye misiba nyuso zote zimefunikwa na kanga na majonzi. Sura nyingi za huko sizijui. Nalisema hili kwa sababu ndilo lililotuponza.

Mama mdogo alikuwa bandani, anafunga mifuko. "Usikae hapa unanichelewesha," akanifukuza. "Nenda kamwamkie mke wa mzee wa kanisa, anakuulizia kila Jumapili. Rudi tule."

Huyo jirani nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji. Alinipokea kwa kelele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwandishi wetu! Karibu, kaa. Umekonda. Mjini hampiki?"

Kukataa chakula kwake hakuwezekani. Akaniletea ugali na bakuli la mnafu uliopikwa kwa maziwa, wa rangi ya kijani iliyokaribia weusi. Nilikula. Nje ya dirisha la jiko, karibu na zizi, mnafu mwingine ulikuwa umesimama hadi kiunoni, haujaguswa, umeanza kutoa maua.

"Kuna mtindi kwenye friji," alisema. "Jichukulie, mwanangu, miguu yangu leo haitaki."

Nikafungua friji.

Ndani ya friji, kutoka juu hadi chini, zilikuwa pakiti. Kijani juu ya kijani. Neno langu, Umande, limejirudia kama macho ya watu wengi wanaonitazama kwa pamoja. Umekatwa Akheri kabla jua halijauona. Umekatwa Akheri. Umekatwa Akheri. Baridi ya friji ikanipanda kifuani. Niligusa pakiti moja: ilikuwa na kile kibandiko cheupe cha bei cha supamaketi.

"Mama," nikasema, "hizi umezitoa wapi?"

"Si dukani kwenu! Hizo ni za zamu yangu ya Jumanne. Za zamu iliyopita nimempa ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Sasa zote atakula nani? Humu tumekula mnafu asubuhi na jioni. Mzee wangu juzi ameomba kabichi kwa machozi."

Alicheka kwa nguvu. Mimi nikashika mlango wa friji, maana sakafu ilikuwa inaondoka. Wakati huohuo akaingia msichana amebeba ndoo, akaniona, akaziba mdomo kwa aibu na furaha. Nilimtambua. Alikuwa mmoja wa wale wa hosteli ya chuo.

"Huyu unamjua," jirani akasema. "Anaimba sauti ya kwanza kwaya yetu. Na yule wa tai ulimwona? Mwalimu wao! Alivaa suti yake ya Pasaka ili asionekane anatoka shamba."

Niliketi. Yakanifikia maelezo yote kwa mpigo, jirani na yule msichana wakipokezana, wakikatizana, wakichekana.

Aliyewahi kusali kwenye makanisa ya huku anaujua mnada wa mavuno. Ibada ikiisha, sadaka zinatolewa nje, jogoo, mkungu wa ndizi, yai, fungu la mboga, na mzee wa kanisa anaanza kunadi. Aliyeleta kitu hawezi kuachwa kikakosa mnunuzi. Hiyo ingekuwa aibu ya ukoo mzima. Ndugu wananunua, majirani wananunua. Mtu ananunua yai kwa bei ya kuku, halafu analirudisha mbele, "Liuzwe tena!" na watu wanapiga vigelegele, na linauzwa tena, na tena, hadi yai lile limejenga ukuta. Hakuna anayelifikiria yai. Wanamfikiria aliyelileta.

"Sasa mwenzetu amepeleka kitu chake mbele ya watu wa mjini," jirani alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Tukae huku tunatazama kikose mnunuzi? Tulichanga nauli, tukapangana zamu kama za jumuiya. Bibi yetu mmoja alikwenda akanunua pakiti, akalipa, akaenda kuirudisha kwenye rafu ili iuzwe tena! Mlinzi akamkamata mkono. Hajawahi kuona mwizi anayeweka."

"Mlinzi alimwambia, bibi, huku haturudishi," msichana alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Bibi akamjibu, ndiyo maana hamna baraka."

"Na mama mdogo anajua?"

Wakatazamana.

"Tulidhani mmepanga pamoja," jirani akasema. "Wewe si ulikuwa umesimama pale kwenye nyanya, unatutazama, unatabasamu? Tukasema, huyo ndiye anayeangalia nani kafika na nani hajafika. Wengine walirudi mara ya pili ili uwaone vizuri."

Nikawaambia habari ya kahawa.

Jirani aliinua mkono akajiziba mdomo. Uso wake ulibadilika mbele yangu, kama jiko lililomwagiwa maji. "Ile ya marehemu?"

"Kesho asubuhi."

"Sisi tulisikia vijana wanakuja kupogolea." Akasimama kwa ile miguu yake iliyokuwa haitaki. "Yesu wangu. Sisi tulitaka asiaibike tu. Kimbia, mwanangu, nenda kamwambie. Nenda!"

Nilivuka mfereji. Njia ile ni fupi lakini niliiona ndefu, kwa sababu kila hatua nilitunga sentensi na kila sentensi ilikuwa kisu. Jua lilikuwa linateremka nyuma ya migomba na banda lilijaa mwanga wa rangi ya asali. Mama mdogo alikuwa anasugua kreti, anaimba chini chini. Sikumbuki nilianzaje. Nakumbuka tu kwamba alipoelewa, hakuacha kusugua. Aliendelea kusugua kreti iliyokwisha takata.

"Wote?" akauliza.

"Wote niliowaona."

"Yule mwenye tai?"

"Mwalimu wa kwaya."

"Na yule mama wa kilemba cha zambarau. Uliniambia ana hoteli."

Hapo nilisita. Jirani alikuwa ameniambia huyo naye ni nani. "Ni wifi yako, mama. Dada yake marehemu."

Brashi ikaanguka. Mama mdogo akakaa juu ya kreti, mdomo wazi, mikono imening'inia inadondosha maji. Wifi yake yule alikuwa hajamsemesha tangu matanga, tangu siku walipogombana juu ya shamba nani abaki nalo. Wanakutana njiani mmoja anatazama mlima. Wanakaa kanisani kila mmoja upande wake.

"Huyo," mama mdogo alisema polepole, "hata salamu yangu haitikii." Alitazama mikono yake. "Alijaza kikapu?"

"Kilijaa. Alisoma lebo kwanza."

Kisha akainuka ghafla, akajifuta kwenye kanga, akatoka kwa mwendo ambao nilishindwa kuufuata. Alivuka mfereji, akaingia kwa jirani bila hodi. Habari zilikuwa zimeshatembea. Jikoni mle wanawake walikuwa wamejaa, wengine bado na majembe begani, na walipomwona wote wakainamisha vichwa kama watoto waliovunja chungu.

Alifungua friji mwenyewe. Akatazama. Alichukua pakiti moja, akaigeuza, akaifungua, akanusa, akairudisha mahali pake.

"Nani alianza?"

"Mimi," mke wa mzee wa kanisa alijibu.

"Pesa ya nini ulitumia?"

"Ya mayai."

Mama mdogo alifumba macho. Mimi nilikuwa mlangoni, nikawa nasubiri zile kelele zake ninazozijua. Hazikuja.

"Mmenipenda," alisema, "mpaka mmekaribia kunizika. Kesho ningeamka nimeng'oa kahawa ya mume wangu ili niwalishe ng'ombe wenu." "Asanteni. Lakini mnada umefungwa."

"Hata Jumanne tusiende?" msichana wa kwaya akauliza kwa sauti nyembamba. "Maana ni zamu ya kina mama wa bondeni, nao wameshashona sare."

"Atakayekanyaga lile duka, msiba wake sitachemsha hata chai."

Halafu mtu akaguna, mwingine akaangua kicheko, na jikoni mle mote wakacheka, naye mama mdogo akacheka huku machozi yanamtoka, akipigapiga mlango wa friji kwa kiganja.

Jumamosi asubuhi vijana walifika na mashoka. Tulipotoka nje tulishtuka: kwenye mwisho wa mistari ya kahawa, karibu na kaburi, alisimama wifi yake, kilemba kilekile. Amefika kabla yetu. Sijui nani alimpelekea habari. Mama mdogo alimwendea hadi wakasimama mti mmoja wa kahawa ukiwa katikati yao.

"Umeamkaje, wifi?"

"Salama."

"Ule mnafu wa zile pakiti uliula wote?"

"Niliula. Ni mchungu."

"Ndivyo ulivyo."

"Najua ndivyo ulivyo," wifi alisema kwa ukali, kisha akatazama chini. "Ila umeufunga vizuri."

Hawakukumbatiana, huku hatufanyi mambo hayo. Mama mdogo aliwageukia vijana akawaambia waweke mashoka chini wanywe chai, kisha wapogolee. Kung'oa kungoje. "Nataka kwanza nimwone mgeni," alisema. "Mmoja wa kweli. Nikimwona huyo nitajua la kufanya."

Na mimi nikarudi mjini kumtafuta mgeni.

Meneja alidhani tumerukwa na akili. "Mnauza hivi, halafu mnaomba mzigo upunguzwe? Mnaumwa?" Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi, kwenye yai? Baada ya siku chache hakuuliza tena, kwa sababu aliona mwenyewe. Mchana ulifika na rafu ilikuwa imejaa. Jioni ilifika na rafu ilikuwa imejaa. Watu walipita, vitoroli vikilia, macho yao yakatereza juu ya neno langu yakaenda kutua kwenye spinachi. Mwanamume mmoja alishika pakiti, akasoma, nikaacha kupumua. Akaitumia kuegemeza chupa yake ya mafuta wakati anatafuta simu, kisha akaiacha. Meneja akatuteremsha rafu ya chini, karibu na viatu vya watu. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, kwamba wiki ikiisha hivi nafasi atampa mtu wa karoti.

Kila jioni mama mdogo alipiga simu. "Mgeni?" Nami nikajibu, "Bado, mama." Alikuwa anasema "haya" kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu ili asiamshe wagonjwa.

Siku ya mwisho ya ile wiki nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilisimama palepale kwenye nyanya. Akaja dada mmoja amevaa sare ya kazi, sijui ya benki au ya hospitali, begi limembana bega, simu kati ya sikio na shingo. Aliinama. Akachomoa pakiti kutoka chini kabisa, akaigeuza, akaitia kikapuni. Akachukua na nyingine.

Nilimrukia. Naona aibu nikikumbuka, lakini nilimshika mkono.

"Samahani, dada. Wewe unatoka Akheri?"

Akanitazama kama ninayemwomba nauli. "Akheri? Mimi mtu wa Terrat. Akheri sina hata wa kumzika."

"Huna shangazi? Husali huko? Hakuna aliyekutuma?"

"Nitumwe mnafu?" Akaondoa simu sikioni. "Dada yangu kajifungua, hana maziwa, kwa wakwe zake wanapika huu. Sokoni muda huu nitaupata wapi, na giza linakuja? Kwani umekatazwa?"

"Haujakatazwa," nikasema. "Chukua. Chukua tu."

"Nachukua kwa pesa yangu," akasema, akajitoa mkononi mwangu, na nikamsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba mjini hapa kuna vichaa hadi kwenye mboga.

Nilitoka nje mbio. Nilifurahi kuliko ile siku ya rafu tupu. Sikujua mwili unaweza kushtuka hivyo kwa sababu ya mtu mmoja. Simu iliita mara nyingi kabla mama mdogo hajapokea.

"Mgeni," nikamwambia. "Wa kweli. Wa Terrat. Nimemhoji mpaka amenitukana."

Nilisikia maji upande wake, na ndege.

"Mmoja?"

"Mmoja. Amechukua mbili. Za dada yake aliyejifungua."

"Basi kahawa ibaki," alisema. "Huyo mmoja na dada yake, eneo lililopo linawatosha. Mwambie huyo kijana wako wa kalamu asimpe mwingine nafasi yetu, nitaleta kidogo kidogo, na wewe usimame hapo ueleze watu unapikwaje, si kusimama kwenye nyanya unatabasamu." Akamgeukia mtu aliyekuwa naye, nikasikia sauti ya mwanamke ikimuuliza ni nini, na mama mdogo akamjibu, "Wifi, tumempata." Kisha akarudi kwenye simu kwa haraka. "Niache sasa. Ni zamu yangu ya maji ya mfereji, nikichelewa watayafungulia kwao wa bondeni."